Kipupwe cha Boko na Dawa za Bibi

Akina mama wenzangu, mtu akikuambia kwamba Dar es Salaam haina baridi, mwalike alale Boko mwezi wa Julai. Alfajiri upepo wa kusi hutoka baharini, ukapita juu ya mabati na kuingia kwenye kila tundu la dirisha. Watoto wa shule husimama kituoni wamevaa masweta, mikono wameificha kwapani. Muuza kahawa wa kona, ambaye Februari hana wateja, Julai anaisha birika mbili kabla jua halijachomoza. Najua ndugu zetu wa Makete na Lushoto watacheka wakisikia hivyo, maana kwetu kipimo hushuka tu hadi nyuzi 18 au 19 usiku. Lakini mwili uliozoea joto hauhitaji theluji ili utetemeke.

Msimu huu tunauita kipupwe. Masika yakishakwisha mwezi Mei, mbingu hutulia, majani yakaanza kukauka, nayo mafua yakabisha hodi. Mama mwenye watoto wadogo haujui mwezi huu kwa kalenda, bali kwa sauti za usiku. Mmoja anakohoa chumba cha pili, mwingine anakoroma kwa pua zilizoziba, na yeye mwenyewe koo linamkwaruza huku akipapasa kutafuta kandambili aende kuwafunika.

Nimekaa Boko tangu mwaka 1995. Kwa wasiopajua, ni kando ya barabara iendayo Bagamoyo, ukishaipita Tegeta na kabla ya kufika Bunju, zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya jiji. Upande mmoja ni bahari ya Mbweni, na nyuma yetu ni mlima wa Wazo, ambako kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1966. Tulipohamia hapa, mimi na mume wangu na watoto wawili, nyumba yetu ilikuwa vyumba viwili visivyo na dari, katikati ya mikorosho na minazi. Umeme ulikuwa hadithi ya watu wa mjini. Maji ya kisima yalikuwa na chumvi, na sabuni ilikataa kutoa povu. Usiku ukisikia gari unajua ni lori la kokoto au mchanga, maana hakuna jingine lililokuwa likipita saa hizo.

Jirani wa karibu alikuwa bibi mmoja wa Kizaramo, mwenyeji hasa wa hapa, ambaye watu wote walimwita Bibi tu. Mimi ni mtoto wa milimani, niliyesoma hadi kidato cha nne, na nilikuja na kiburi changu kidogo. Nilikuwa na kijitabu cha kliniki, kipima joto na chupa ya dawa ya kikohozi. Bibi alikuwa na ua wake. Asubuhi ya kwanza nilipokwenda kumwamkia, "Shikamoo, Bibi," aliitikia "Marahaba, mwanangu," akanitazama, akasema, "Una mafua wewe. Keti."

Ua wa Bibi ulikuwa duka la dawa lisilo na mlango. Kando ya kisima lilikuwepo shina kubwa la mchaichai. Penye uzio ulisimama mwarobaini, ule mti uliotoka Bara Hindi ukazoea kwetu hadi tukaupa jina la magonjwa arobaini tunayosema unayatibu. Nyuma ya jiko kulikuwa na kivumbasi, ambacho jioni alikitupa juu ya makaa kufukuza mbu. Alikuwa na mpera, mlimau na mnyonyo, na katika kikapu chake hamkukosa tangawizi wala kitunguu swaumu. Kikohozi cha kipupwe alikichemshia majani ya mpera na tangawizi, akakamua limau, akatia asali ikiwa ipo. Homa aliichemshia mwarobaini, mchungu hata mtu mzima alikunja uso. Pua zikiziba, ilichemshwa sufuria ya majani ya mchaichai, limau na kivumbasi, ukafunikwa shuka, ukavuta mvuke mpaka jasho likutoke.

Nilijifunza upesi. Baada ya mwaka mmoja nami nilikuwa na mchaichai wangu, tena nilijisifu mbele ya wenzangu wa kikundi cha akina mama kwamba nyumbani kwangu panadoli zinakaa hadi muda wake unakwisha. Jambo moja tu sikulitia maanani. Bibi hakuwa akichuma jani kabla ya kuuliza. Utamkuta mtoto anakohoa, mama yake ana haraka, naye Bibi amekaa kwenye kigoda anauliza polepole: "Kikohozi kikavu au kina makohozi? Ananyonya? Usiku alilala au alilia? Mkojo ameutoa? Mfunue nguo nimwone kifua." Mimi niliyaona hayo kuwa mazungumzo ya wazee, watu wasio na haraka. Nilichotaka mimi ni majani na kipimo cha maji.

Julai ya mwaka 1997 ndiyo iliyonifundisha. Mtoto wetu wa tatu, binti, alikuwa na miezi minane. Alianza mafua siku ya Jumatano. Nilifanya yote niliyoyajua: nikamkanda kifua, nikamfukizia majani chumbani, nikampa matone ya maji ya tangawizi kwa kijiko. Alhamisi homa ilipanda, nikamwogesha maji ya vuguvugu na kumpa kipande cha klorokwini kilichobaki, maana wakati ule kila homa tuliiita malaria. Ijumaa aliacha kulia. Niliona amepata nafuu, nikamshukuru Mungu. Nilikaa kumshonea kofia.

Bibi hakuwepo siku hizo mbili, alikwenda Bunju msibani. Ijumaa jioni alirudi, akapita kutujulia hali. Alimwona mtoto mgongoni kwangu, hakuketi. "Mshushe," alisema. Akamfunua nguo, akaleta kibatari karibu. Nami ndipo nikaona nilichokuwa nimekifunika kwa blanketi siku nzima: kila akivuta pumzi, chini ya mbavu nyama ilikuwa ikibonyea ndani, na pua zilitanuka kama za mtu aliyekimbia. Nikampa ziwa, hakulishika.

Nilimwuliza, "Bibi, tumchemshie nini?" Sitasahau jibu lake. "Mwanangu, hapa mikono yangu imefika mwisho. Mbebe. Usingoje asubuhi."

Mume wangu alikuwa safarini. Bibi mwenyewe, mwanamke wa miaka zaidi ya sitini, alisimama katikati ya barabara gizani akipunga kanga mpaka lori la kokoto likasimama. Tulipanda mbele, mimi, mtoto na Bibi, tukaenda hadi hospitali. Mganga aliyempokea alisema ni nimonia, na akaniuliza kwa nini nimechelewa. Alipewa oksijeni na sindano za penisilini, tukalazwa siku tisa. Katika kitanda cha tatu kutoka chetu, mtoto wa mwenzangu mmoja, aliyeletwa siku moja na sisi, hakupona. Nilimsaidia yule mama kukunja nguo. Kila kipupwe kikianza namkumbuka, wala simkumbuki kama mama mzembe. Naye alikuwa amemchemshia mwanawe majani, kama mimi.

Tulipotoka nilimwuliza Bibi alijuaje. Tulikuwa tunachambua mchicha. Alikaa kimya kwanza, kisha akaniambia habari ya mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa kabla ya Uhuru. Mtoto alishikwa na degedege. Wazee walikataza asipelekwe kwenye sindano, wakisema degedege likichomwa sindano mtoto hufa. Walimfukiza kinyesi cha tembo usiku kucha. Kulipopambazuka alikuwa ameondoka. "Tangu siku hiyo," alisema, "nikishika jani najiuliza kwanza kama hili ni la jani."

Msomaji, usidhani hayo yalikuwa ya nyumba yake tu. Katika miaka ya 1990 watafiti walikwenda katika vijiji vya wilaya ya Bagamoyo, mbele kidogo tu ya barabara yetu, wakawauliza akina mama juu ya degedege, na habari zao zilichapishwa mwaka 1996. Walikuta imani hizo hizo: kwamba ugonjwa huo si wa hospitali, kwamba sindano inaua, kwamba dawa yake ni mafusho, na hata kumkojolea mtoto ili apoe. Wala watu hawakuwa wajinga. Walikuwa wameona kwa macho yao watoto wakifa baada ya sindano, kwa sababu walifikishwa hospitali wakiwa wamekwisha kuchelewa. Degedege la mtoto mwenye homa mara nyingi lilikuwa malaria iliyopanda kichwani, na kila saa ya mafusho ilikuwa saa iliyopotea.

Inanifariji kufikiri kwamba wilaya hiyo hiyo ya Bagamoyo ilikuja kuwa miongoni mwa mahali ambapo chanjo za malaria zilijaribiwa. Watoto wa huko, pamoja na wa Korogwe, waliingia katika majaribio makubwa ya chanjo ya kwanza yaliyoanza mwaka 2009, na Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 2021. Bagamoyo ilishiriki tena katika chanjo ya pili, iliyokubaliwa mwaka 2023. Barabara ile ile iliyopitisha kinyesi cha tembo kwenda kwa wagonjwa ilipitisha masanduku ya barafu yenye chanjo.

Mambo yamebadilika kweli. Wale wa umri wangu wanaikumbuka klorokwini iliyotuwasha mwili mzima mpaka tukajikuna kwa gunzi. Mwaka 2001 nchi iliiacha, kwa kuwa vijidudu vilikwisha kuizoea, tukatumia SP, na mwishoni mwa mwaka 2006 ikaja dawa mseto. Siku hizi mtoto hutobolewa kidole kwanza, na ndani ya robo saa unajua kama ni malaria au siyo. Mwaka 2013 chanjo ya kuzuia aina moja kubwa ya nimonia iliingia katika chanjo za watoto wetu. Nilipoona mjukuu wangu akichomwa sindano hiyo pajani, nilitoka nje nikalia kidogo. Wauguzi walidhani namwonea huruma kwa maumivu.

Na Boko nayo si ile. Sensa ya mwaka 1988 ilihesabu watu wapatao milioni 1.36 katika Dar es Salaam yote. Ile ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya milioni 5.3, nami nadhani nusu yao hupita barabarani kwetu kila asubuhi. Mikorosho imekatwa, kuta zimepanda. Maduka ya dawa yapo kila kituo, na bodaboda hulala macho usiku kucha. Ua wa Bibi umejengwa nyumba za kupanga. Yeye mwenyewe alitangulia miaka mingi iliyopita, tukamzika Boko hapa hapa, Wakristo na Waislamu tukichimba pamoja. Mwarobaini wake umebaki, umebanwa kati ya kuta mbili.

Lakini dawa zake hazikufa. Tena sasa zinatembea haraka kuliko zamani. Mtakumbuka mwaka 2011, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile wa Samunge, Loliondo, alipokuwa akitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Kutoka mtaani kwetu watu walikodi mabasi. Wapo waliokufa njiani na foleni ikiendelea, na wapo walioacha dawa zao za kisukari na za Ukimwi kwa kuwa wamekunywa kikombe. Mzee mwenyewe alifariki Julai 2021. Kisha mwaka 2020 ulipokuja ugonjwa wa korona, Rais John Magufuli alihimiza watu wajifukize, na neno nyungu likawa midomoni mwa wote. Boko nzima ilinukia mkaratusi na mchaichai. Nami nilijifukiza, sifichi, na pua zilifunguka. Lakini kufunguka kwa pua si kupona kwa mapafu, na tulizika watu mwaka ule na mwaka uliofuata. Katika kipupwe cha mwaka 2021, tarehe 28 Julai, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani, na kampeni ya chanjo ikaanza.

Sasa simu yangu hunipa dawa kila asubuhi kutoka kwenye makundi ya familia na ya kanisa: chemsha hiki, saga kile, kunywa siku saba. Kila ninapozisoma natafuta maswali ya Bibi, siyaoni. Hakuna anayeuliza kama mtoto ananyonya. Hakuna anayesema, "Mfunue nguo nimwone kifua." Hapo ndipo nilipoelewa tulivyourithi urithi wetu vibaya. Tumechukua majani tukauacha mpaka. Na dawa ya bibi isiyo na mpaka si dawa ya bibi tena.

Wala siwaambii mng'oe mchaichai. Hata mfalme Hezekia, alipougua, nabii Isaya aliagiza bonge la tini liwekwe juu ya jipu lake. Mungu hakuona haya kutumia tunda. Nchi yetu nayo haikuzidharau dawa hizi: pale Muhimbili utafiti wa tiba asili ulianzishwa mwaka 1974, na mwaka 2002 ilitungwa sheria ya tiba asili na tiba mbadala. Kwa mafua ya kawaida, chai ya tangawizi na limau hutuliza koo, maji ya moto hulainisha makohozi, na mkono wa mama mgongoni mwa mtoto hauna badala yake. Huko ndani ya mpaka, tuzitumie kwa shukrani.

Lakini tuujue mpaka wenyewe. Asali, pamoja na uzuri wake, asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Sufuria ya mvuke isiwekwe karibu na mtoto mdogo. Wapo walioungua kwa maji ya kujifukizia. Jiko la mkaa lisilazwe chumbani kwa ajili ya joto, maana moshi wake usioonekana huua watu wakiwa usingizini. Tusimtie mtoto mafuta puani, yanaweza kushuka mapafuni. Tusikubali kukatwa kimeo kwa sababu ya kikohozi, wala kung'olewa yale yanayoitwa meno ya plastiki. Watoto wametokwa damu mpaka wakafa kwa mikono ya watu wasio waganga. Na zile rangi mbili za kununua nusu nusu dukani, tuziache mpaka tuandikiwe.

Kisha tuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua, tazama saa dakika nzima. Aliye chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Wa miezi miwili hadi mwaka mmoja, ni 50. Wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Kifua kikibonyea ndani, akikataa ziwa, akitapika kila kitu, akishikwa degedege, au akiwa mlegevu asiamke vizuri, hapo usichemshe chochote. Mbebe. Na jihadhari na ukimya: mtoto mgonjwa aliyeacha kulia pengine hakupata nafuu, bali amechoka.

Yule binti wa mwaka 1997 sasa ni mama. Julai iliyopita alinipigia simu saa nane usiku kutoka kwake Mbagala, sauti ikitetemeka. "Mama, mtoto anakohoa sana. Nimchemshie nini?"

Nilikaa kitandani, nikawasha taa. Nje upepo wa kusi ulikuwa ukivuma, na mwarobaini wa Bibi ulikuwa ukisugua bati la jirani.

"Mwanangu," nilimwambia, "kwanza mfunue nguo. Uniambie unaona nini."

Alihesabu, nami huku nilishika saa. Zilikuwa 34, na kifua kilikuwa kimetulia. Mtoto alikuwa ananyonya. Basi nikamwambia amwinue kichwa kidogo kwa mto, ampangusie pua, ampe ziwa mara kwa mara, na kukicha ampeleke akaonwe. Yeye mwenyewe nikamwambia ajichemshie mchaichai, anywe, maana alikuwa anatetemeka kuliko mtoto.